Kifuniko cha Chupa ya Kwanza

Jumatatu, 4 Agosti

Bomba limekauka siku ya tatu. Sijali. Dawa ya kuoshea bila kusuuza inataka ndoo moja kwa gari moja, basi. Ng'ambo ya barabara mshindani wangu Bwana Masanja, na mashine yake ya presha ya kuoshea magari, anasubiri boza la maji. Tangu asubuhi kakaa kwenye tairi anachokonoa meno. Nimefurahi, sioni sababu ya kuficha.

Nimefungua galoni jipya la lita tano. Mpaka juzi tulinunua chupa za lita moja, sasa zimeadimika. Kipimo ni kilekile: vifuniko viwili kwenye ndoo ndogo ya lita kumi, koroga kwa mkono, povu usilitafute maana halipo. Mimi napimia kifuniko cha chupa yangu ya kwanza kabisa. Kinakaa mfukoni mwa aproni. Nimekizoea. Mimi nachanganya ndoo ya bluu, wifi Anjela nyekundu.

Anjela ni mdogo wake Pius, mume wangu. Alitoka kwao Katumba mwezi wa tano, analala kwetu Kawajense, tunashuka wote kazini Makanyagio kila asubuhi. Anajituma. Kitambaa anakikunja mara nane, anafuta kwa mstari ulionyooka, upande ukichafuka anageuza mwingine. Hazungushi mkono. Nilimfundisha mimi.

Magari saba.

Jumatano, 6 Agosti

Nimenyanyua galoni nikashtuka. Jepesi. Chupa ya lita moja ilikuwa inatupeleka siku nne. Hili lilitakiwa kuvuka wiki mbili bila wasiwasi. Siku tatu tu, zaidi ya theluthi haipo.

Mimi sijamwaga. Paka hanywi dawa ya magari.

Tumebaki wawili tunaogusa hilo galoni. Sitaki kuandika ninachofikiria. Nimechora mstari kwa kalamu ya wino mzito, upande unaotazama ukuta, pale dawa ilipofikia. Tuone.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimeaibika. Mama Rehema mwenye gesti kaja mwenyewe, kwa miguu, kaacha kwake gari tulilomwoshea jana. Anasema ile Noah nyeusi inanata. Vumbi la kutoka gesti mpaka sokoni limeganda mlango mzima, na mtu kashaandika kwa kidole. "Mama Deo, gari langu mmeliosha au mmelipaka asali?"

Gari lile aliosha Anjela.

Mama Rehema ana magari matatu, kila moja linakuja mara mbili kwa wiki. Wengine wote ni wapita njia. Akihamia kwa Masanja, mimi nafunga. Kasema ananipa mpaka mwisho wa mwezi. Kasema kwa upole, na upole wake ndio umenitisha.

Nimepita nikigusa magari yote ya leo kwa kiganja. Yangu yanateleza. Ya Anjela yana utando. Dawa ni moja, vitambaa ni vilevile. Sasa mtu aniambie tofauti ni nini kama siyo mtu.

Ninavyoona mimi: anachota dawa, anauza, ndoo yake anatia sabuni ya kufulia ili maji yasionekane matupu. Sabuni bila kusuuza lazima inate.

Mstari: dawa imeshuka vidole viwili chini yake.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu ya wakulima, watu wengi mjini, magari mekundu kwa vumbi. Yaliyoganda matope nimeyakataa. Dawa hii siyo ya matope, inataka gari lenye vumbi tu, ukilazimisha unachubua rangi.

Saa nane nilitoka kununua vocha. Nageuka, namuona Anjela ng'ambo, kwa Masanja, ambaye boza lake limeshafika. Gari dogo la Mama Rehema limesimama kwenye zege lake, Anjela kashika mpira wa presha. Halafu akainama akaanza kusugua mazulia ya magari ya wateja wa Masanja. Mazulia ya Masanja. Na wanacheka.

Nimerudi kimyakimya nikakaa kama sijaona kitu. Jioni kaongea na simu Kirundi, lugha ya kwao, robo saa nzima. Miaka kumi na minane ya ndoa na Kirundi changu kinaishia kwenye salamu. Nilisikia jina langu mara mbili.

Anataka kumpelekea Masanja wateja wangu. Nimemfundisha kazi, namlisha, analala kwenye kitanda cha mwanangu Deo aliyeko bweni. Nina hasira.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemaliza.

Saa nne, watu wamejaa, dereva wa Mama Rehema yupo, Masanja kasimama mlangoni kwake. Anjela alikuwa chini ya bodi anafuta rimu. Nilichukua begi lake kwenye msumari nikalimwaga juu ya benchi. Biblia. Kanga. Mafuta ya kujipaka. Na chupa ndogo ya maji ya kunywa, ndani yake dawa yangu, robo chupa. Nikaiinua juu kila mtu aone.

Kasema, "Wifi, siyo hivyo." Nikamwambia mwizi hana wifi. Nilisema kwa sauti.

Hakulia. Kavua aproni, kaikunja mara nane kama kitambaa cha kazi, kaiweka juu ya ndoo nyekundu. Kaokota vitu vyake kimoja kimoja. Watu walikuwa wanaangalia pembeni. Akapanda bodaboda ya Katumba.

Mchana nimeosha magari manne peke yangu. Moyo mwepesi. Nimeandika mwepesi na siyo kweli kabisa, lakini nimefanya lililotakiwa kufanywa.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani. Pius kapiga simu akiwa Tabora na lori la tumbaku. Kauliza dada yake. Nimesema kaenda kumsalimia mama. Kanisani asubuhi, uongo mchana.

Nimefua. Kitanda cha Deo kimetandikwa vizuri sana, kona zimekazwa. Nimeinua godoro nikatafuta pesa, chupa, chochote. Hakuna kitu chini ya godoro.

Jumanne, 12 Agosti

Mgongo. Magari sita jana, saba leo. Nimesahau nilivyokuwa nafanya peke yangu.

Kifuniko changu kimebaki nyumbani dirishani, nilikitoa mfukoni nilipofua aproni. Tangu jana napimia kifuniko cha galoni, viwili kama kawaida. Noah ya Mama Rehema nimeiosha kwa mkono wangu mwenyewe, polepole, taratibu zote. Nilitaka aone kwamba tatizo limeshaondoka.

Jumatano, 13 Agosti

Dereva kairudisha. Inanata.

Nimepitisha kiganja mlangoni. Utando uleule. Dereva kaniangalia tu, na nilijua anafikiria nini, maana nilikuwa nafikiria hichohicho. Anjela yuko Katumba siku ya tano. Ndoo nimechanganya mimi.

Nimefunga mapema. Nimebeba galoni mpaka nyumbani. Dirishani nimechukua kifuniko changu, nikajaza maji, nikamimina kwenye kifuniko cha galoni. Hakikujaa. Mara ya pili. Hakikujaa. Mara ya tatu kikajaa mpaka mdomoni.

Tatu.

Nilimwambia viwili. Akaweka viwili, vya hicho alichokiona. Cha kwangu kilikuwa mfukoni. Sikuwahi kumwonyesha wala kumwambia kwamba kipo. Dawa ikizidi haisafishi zaidi, inabaki juu ya rangi na kushika vumbi. Najua hilo, nilimfundisha mwenyewe. Ndiyo maana galoni lilikuwa linakimbia.

Nimekaa sakafuni na vile vifuniko viwili. Nimejichukia.

Alhamisi, 14 Agosti

Bado ile chupa ndogo. Nimejaribu kuishikilia hiyo. Nikasema hata kama kipimo ni kosa langu, chupa begini ni wizi.

Nimevuka barabara. Mara ya kwanza mwaka huu nakanyaga zege la Masanja. Kaniletea kiti, sikukaa. Alichosema nakiandika kama kilivyo: "Wifi yako alileta dawa kwenye kachupa nimuangalizie kama ni feki. Nikamwambia miye mtu wa maji na sabuni, hiyo siijui. Akaomba mpira asuuze gari la yule mama kabla halijaenda, akanisafishia mazulia. Akanikataza nisikwambie. Alisema mmeuziwa dawa mbovu, ukijua utaona aibu kwa sababu ulijisifu sana."

Nilijisifu sana. Ndivyo.

Nikauliza walikuwa wanacheka nini. Kasema hakumbuki.

Jumamosi, 16 Agosti

Katumba. Kilo mbili za sukari, majani ya chai, mche wa sabuni. Njia nzima nyuma ya bodaboda napanga maneno, nafika sina hata moja.

Mama mkwe kanipokea vizuri, kanipa kigoda, kaniletea ugali wa muhogo na maharage. Hakuuliza kitu mpaka nilipomaliza kula. Kula mbele ya mtu uliyemwita mwanawe mwizi ni kazi ngumu. Nilimeza kila tonge.

Halafu nikatoa vifuniko viwili, nikaomba maji kwenye kikombe. Nikamimina mbele yao. Moja, mbili, tatu. Anjela aliangalia bila kupepesa. Alipoelewa alifumba macho kidogo, kama mtu aliyetua mzigo, na sikutegemea hilo. Kumbe moyoni alikuwa anahofia kwamba tatizo siyo dawa, ni mkono wake.

"Ungeniuliza tu," kasema. Hilo tu.

Nikapiga magoti nikaomba msamaha. Mama mkwe kanisikiliza mpaka mwisho. Ndipo akasema, "Begi ulilimwaga mbele za watu. Hapa tupo watatu." Akatoa vyombo.

Nimemwelewa. Sikupenda, lakini nimemwelewa.

Jumatatu, 18 Agosti

Nilimpigia Mama Rehema aje mwenyewe. Nikamvuta Masanja kutoka ng'ambo. Dereva alikuwepo, na mafundi wawili wa gereji ya jirani, waliokuwepo siku ile. Anjela, niliyemwomba aje, kafika saa tatu, kasimama pembeni na begi lake begani. Hakulitundika msumarini.

Nimesema: dawa hakuiba, kipimo kibovu ni changu, kifuniko nilikificha mfukoni, chupa alibeba ili anisaidie. Nilitaka kuongeza kwamba sikukusudia. Sikuongeza. Fundi mmoja kakohoa.

Mama Rehema kauliza kama Noah itaacha kunata. Nikasema kitambaa chenye maji matupu kwanza, mara mbili, kisha dawa ya kipimo sahihi. Kasema basi anzeni, yeye anasubiri. Kakaa kwenye benchi lilelile.

Tumeifanya wawili. Anjela kulia, mimi kushoto, kuanzia juu kwenda chini. Inateleza.

Jumatano, 20 Agosti

Bomba limetoa maji saa moja asubuhi, machafu kidogo. Masanja kawasha mashine, kelele zimerudi.

Anjela kalala Kawajense tangu juzi. Leo kaniita mama Deo mara nne. Wifi, hata mara moja. Begi katundika leo, mchana, baada ya kula.

Kifuniko kidogo nimekitoboa, nimekifunga kwa uzi kwenye mshikio wa galoni. Cha galoni ni cha kufungia tu.

Alipokwenda kuchanganya ndoo nyekundu nilikuwa nimesimama karibu, nikajikuta nahesabu naye moyoni. Kaona. Kasubiri, kifuniko mkononi.

Nikageuka, nikaangalia barabara mpaka niliposikia anakoroga maji.