Shamba Tulilofyeka Wenyewe

Ifakara, Jumapili, Juni 1956

Eti shamba la Namawala nalo ni la ukoo! Shemeji Kaspari amekuja leo baada ya misa. Amekula wali wangu, amenawa mikono, ndipo akatamka kwamba marehemu kaka yake hakuwa na chake peke yake, vyote virudi kwao.

Shamba la Lipangalala sina neno nalo. Waliachiwa na baba yao, walichukue. Lakini Namawala palikuwa matete matupu. Mimi na mume wangu tuliyafyeka, tukajenga dungu, tukalala humo masika yote tukifukuza viboko. Kaspari hakutia mguu.

Nilimjibu kwa adabu. “Shemeji, la baba yenu ni lenu. Hili tulilitafuta sisi.”

Akacheka. “Mwanamke hatafuti ardhi, shemeji. Anaolewa tu.”

Naogopa, sikatai. Jumbe ni rafiki yake. Na watoto, nikinyang’anywa shamba, nitawalisha…

Lakini nimekumbuka jambo, na moyo umetulia. Siku ya msiba niliomba mume wangu azikwe Namawala, pembeni ya mpunga wake. Kaspari ndiye aliyekataa, mbele ya watu wote: “Ndugu yetu hazikwi kwenye pori la watu wawili. Atalala kwenye ardhi ya ukoo.” Wakambeba mpaka Lipangalala.

Kesho naenda kwa jumbe. Nitampa shikamoo yake, kisha nitamwomba amuulize Kaspari neno moja tu: kama Namawala ni ardhi ya ukoo, mbona kaka yake hakuzikwa huko?