Mshale wa Pikapu ya Baba

Jumatatu, 3 Machi

Pikapu imechemsha tena! Nimepeleka miche ya mipapai kwa mteja, nimerudi mvuke ukinitangulia. Kinachonichanganya ni mshale wa joto – umetulia katikati, raha mustarehe. Miaka yote uko hivyo. Marehemu Baba alikuwa akiusifia kwa wageni.

Na Jumapili ndiyo namfuata Mama, ahamie kwangu. Mwaka mzima nimembembeleza. Ameshaanguka bafuni mara mbili, peke yake! Amekubali kwa sharti moja: pikapu ya Baba, si gari jingine. Akitiwa wasiwasi njiani anarudi kwake na vyombo vyake, na habari ya kuhama nisiitaje tena.

Jumanne, 4 Machi

Fundi Miwani kaja. Chai kwanza, spana baadaye. Akaacha injini ingurume, akapapasa rejeta: juu moto, chini baridi. Imeziba, akasema, maji hayapiti. Halafu akaomba sufuria. Kuna kidude, thamostati, kinachotakiwa kufunguka maji yakipata moto. Akakitumbukiza kwenye maji yanayotokota, jikoni kwangu, tukakiinamia wawili. Hakikufunguka ng'o.

Sufuria yangu ya wali, jamani.

Jumatano, 5 Machi

Thamostati mpya. Rejeta imezibuliwa, imetoa tope la kufinyangia chungu. Naimba tu.

Alhamisi, 6 Machi

Miwani kaniuliza kwa upole mbona mshale uko katikati na injini haijawashwa tangu jana.  Miaka minne naendesha hii pikapu!

Akafungua dashibodi. Gundi! Tone moja, limekauka, la manjano. Mshale umebandikwa.

Baba huyo. Mama alikuwa anaukodolea macho safari nzima, ukipanda kidogo anataka kushuka. Kumbe mzee alimaliza ubishi kwa gundi. Nimecheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea yenyewe. Miwani akajifanya anatafuta bisibisi.

Ameuliza abandue au aache. Nimesema abandue. Siwezi kumpandisha mama yangu kile kilima cha njiani kwa mshale wa uongo. Lakini sasa atauona ukitembea – Mungu wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeizungusha mjini na miche tele. Mshale umepanda, ukatua. Safi! Miwani anasema kilimani ukizidi, nifungue hita yote ivute joto la injini. Ikishindikana, basi ni gasketi ya silinda, na hiyo ni kazi ya wiki.

Jumapili, 9 Machi

Naandika kando ya barabara, katikati ya kilima. Kabati, godoro, cherehani, vyote viko nyuma.

Tulianza vizuri. Mama macho kwenye mshale. Nusu. Ukavuka nusu. Nikafungua hita, jua la saa saba! Jasho likamtiririka. Ukagusa nyekundu.

"Simama pale kwenye kona," akasema. Nikajua yamekwisha.

"Hapa ndipo baba yako alikuwa anasimama. Kila safari. Eti haja ndogo. Nusu saa! Haja ndogo gani hiyo ya kufungua boneti, na dumu la maji mkononi?"

 Nikamwambia habari ya gundi.

"Nilijua. Tangu siku ile ile aliyobandika."

"Sasa ulikuwa unautazamia nini, Mama?"

"Nisimtazame yeye. Ningecheka, angejua."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia.

"Asingenichukua tena, mwanangu. Angeniacha nyumbani na woga wangu."

Sasa ameshuka, ameketi juu ya jiwe, anaangalia upande tuliotoka. Hacheki. Injini inapoa, tik, tik. Nimesema dakika kumi zinatosha. Amesema nina haraka ya nini. Sijathubutu kumuuliza tukiwasha tunapanda au tunarudi. Amesogea kidogo, anapiga jiwe kwa kiganja – nikae.