Radi na Harusi ya Dada Agatha

Jumatatu, 22 Novemba 1993
Nimesoma vipimo vya shule kabla ya kengele, kama kawaida. Vipimajoto viwili, kikavu na chenye utambi wa maji, vinasoma karibu sawa. Hewa imejaa unyevu. Adhuhuri mawingu yakarundikana juu ya milima ya Matogoro. Jioni radi, upepo, mvua ya mawe. Mkaratusi wa jirani umepasuka katikati.

Jumamosi dada Agatha anaolewa. Haiwezekani kuahirisha: Jumapili Majilio yanaanza, na padri hafungishi ndoa mpaka Krismasi ipite. Baba anataka sherehe uani, chini ya turubai, mtaa mzima uje. Nguzo za turubai ni za chuma. Naogopa.

Jumatano, 24 Novemba
Vipimo vilevile. Nimemwambia Baba wakati wa chakula. Sauti ilinitoka kama ya kifaranga. Siku za namna hii, tangu nianze kupima, sita kwa kumi zimeleta radi.

"Kwa hiyo itanyesha au haitanyesha?"

Sijui. Ndiyo maana ni sita.

Shangazi Fotunata, anayeniita Redio kwa utabiri wangu, alicheka mpaka akakohoa. "Redio yetu inakwaruza!" Yeye ameshamwita Mzee Saidi wa Namtumbo, mfunga mvua. Mzee amesema haitanyesha, basi. Baba ni mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, mambo ya wafunga mvua hayamfai; alijifanya hasikii.

Nimechukia. Asiyepima chochote anaaminiwa kwa sababu ana uhakika.

Alhamisi, 25 Novemba
Dada alinifuata nikiteka maji. "Vero, ingekuwa harusi yako, ungekaa wapi?"

Ndani.

 Akaenda kwa Baba. Nilimsikia akilia. Sherehe imehamia ukumbi wa parokia. Ni mdogo, nusu ya mtaa haitaingia. Isiponyesha, lawama ni zangu.

Jumamosi, 27 Novemba
Jua. Jua tupu.

Ukumbini joto kama tanuri. Wengine walikula wamesimama nje, sahani mkononi. Kinamama wa mtaani hawakuniacha: "Redio, mvua yako imeshukia Peramiho?" Kweli wingu jeusi lilikuja hadi karibu, umeme ukimulika ndani yake, kisha likageukia huko. Mzee Saidi alipigiwa vigelegele. Mimi nilijificha jikoni nikaosha sahani zilizokuwa safi.

Nne kwa kumi nayo ipo. Hakuna wa kumwambia hilo.

Dada alinitafuta kabla ya kuondoka. Shela lilikuwa limelowa jasho. Akanikumbatia, akasema hakuangalia juu kwa hofu ya radi hata mara moja siku nzima. Nikalia kama mtoto.

Jumapili, 28 Novemba
Baada ya misa wote wamelala kwa uchovu. Mzee Saidi akaja. Nikamwamkia shikamoo, akaketi barazani, akauliza kwa sauti ya chini. Jumamosi ijayo kuna harusi nyingine, kwao Namtumbo. Hali ya hewa naionaje?

Nilimwambia bado mapema mno, tena Namtumbo ni mbali na vipimo vyangu. Aje Alhamisi. Akakubali.

Halafu akasema jana, kabla wingu lile halijageuka, alikuwa ameshatazama njia ya kutorokea.

"Wewe, mjukuu wangu, unaweza kusema sita. Mimi nikisema sita, nani ataniita?"

Sikuwahi kufikiria hivyo. Nikamletea chai. Tulikaa tukitazama Matogoro. Kulikuwa na wingu moja, dogo.