Nyusi Zilizoungua kwa Udi

Mpendwa mshauri, shikamoo, na unisamehe kwa kukuchosha, lakini jambo hili limenikaa kooni leo siku ya sita na humu ndani sina wa kumwambia kwa sababu wote wanahusika. Mimi ni mke wa mtu, nina miezi minane kwenye ndoa, tunaishi Kariakoo ghorofa ya pili pamoja na mama mkwe na wifi yangu, nimwite Chiku, ambaye ameachika na anakaanga sambusa kwa jiko lake la gesi na kuzipeleka kwenye maduka ya vitenge, na hizo sambusa ndizo zinazomlisha yeye na bintiye. Mama mkwe anasifika mtaa mzima kwa kupika udi wa sukari, ule wa kufukizia nguo na nyumba, na mimi wakati wa uchumba nilijisifu kwamba kwetu Tanga tunapika udi tangu tukiwa wadogo, ukweli ni kwamba tulikuwa tunanunua, basi Jumatano mchana akaniambia, "Mwanangu, udi wa arusi ya jirani leo utapika wewe, mimi naenda kuswali," nikajibu, "Hewala mama," nikafungua video kwenye simu nikaiangalia nusu.

Nikachemsha sukari na maji kwenye jiko la Chiku mpaka ikawa nzito, nikatia vipande vya udi, ilipofika zamu ya manukato nikaona yale mafuta ya kichupa kidogo anayonunua mama mkwe kwa Mzee Hasmukh muuza manukato hayanukii sana, nikaenda chumbani nikachukua pafyumu yangu ya kupuliza, nikang'oa kifuniko na kumimina nusu chupa huku sufuria iko jikoni na moto unawaka. Nilisikia tu fuu, mwali ukanipitia usoni ukashika pazia, nikailowesha kanga kwenye ndoo nikafunika sufuria, nikazima jiko, pazia nikalivuta chini nikalikanyaga mpaka likazimika. Mume wangu, nimwite Zahoro, akapanda mbio kutoka dukani kwake hapo chini akauliza kulikoni, nikashusha mtandio mpaka machoni nikasema, "Sijui, labda gesi." Ni hayo tu niliyosema. Chiku ndiyo kwanza anaingia na beseni tupu, Zahoro akamgeukia, "Umeuacha mtungi unavuja tena, unataka kutuua wote?" Chiku akaapa kwamba aliufunga, akalia, na mimi nikauchuna.

Kesho yake jiko na mtungi vikavushwa kwenda kwa shangazi yao Kigamboni. Sasa Chiku anakaanga kwa mkaa uani, anachelewa, na maduka mawili yameshatafuta mtu mwingine. Nyusi zangu ziliungua zote mbili, nazichora kwa wanja kabla Zahoro hajaamka, naye amenisifu kwamba siku hizi nimependeza. Kinachonimaliza ni wema wa mama mkwe, juzi ameniletea penseli mpya ya wanja, akasema, "Tumia hii mwanangu, ile yako inayeyuka kwa jasho," nikaingia bafuni nikalia. Nikisema ukweli naogopa nitarudishwa Tanga. Nifanyeje, au ninyamaze tu, maana gesi nayo kweli ina hatari?

Mwenye nyusi za kuchora, Kariakoo

*

Mwenye nyusi, marahaba. Pole ya uso nakupa sasa hivi, pole ya ulimi utaisubiri kidogo.

Tuanze na jikoni, kwa sababu usipolielewa hilo utachoma na nyumba ya pili. Pafyumu ya kupuliza sehemu kubwa ni spiriti, na spiriti haina subira. Jaribu leo, mbali na moto: tia tone moja mkono wa kulia, na tone la mafuta ya Mzee Hasmukh mkono wa kushoto. Kulia utasikia ubaridi, na kabla hujamaliza kujifunga kanga pameshakauka, kwa kuwa spiriti imegeuka mvuke na kuondoka na joto la ngozi yako. Kushoto utanukia mpaka jioni. Sasa kitu kinachoruka hivyo mkononi wewe umekimwaga kwenye sukari inayochemka, ambayo ina joto kubwa kuliko hata maji yanayochemka. Spiriti yote ikawa mvuke kwa mkupuo, ukafurika nje ya sufuria, ukashuka maana ni mzito kuliko hewa, ukaukuta moto. Ndiyo maana wapika udi huipua sufuria, huzima jiko, husubiri ipoe, ndipo watie manukato. Naamini video ilisema hivyo kwenye ile nusu usiyoiangalia. Petroli, thina na dawa ya kufutia rangi ya kucha vina tabia hiyohiyo, usivisogeze karibu na moto. Kufunika sufuria ulifanya vizuri, hilo nakusifu.

Gesi ina hatari, ndiyo, lakini Jumatano haikufanya kosa lolote, na Chiku pia hakufanya. Unasema ulisema maneno machache tu. Hayo machache yamemtoa mwanamke kwenye jiko lake na kumweka kwenye moshi. Wewe unaogopa kurudishwa kwenu. Yeye yuko kwao tayari, na riziki yake ikikatika hana pengine pa kurudi. Nimekukasirikia hapo, sikufichi.

Halafu hiyo penseli. Wewe umeiona ni wema, na ni wema kweli, lakini hujausoma mpaka mwisho. Mama aliyepika udi maisha yake yote anaijua harufu ya pafyumu kwenye pazia lililoungua, na hakuna mwanamke anayemnunulia mkamwana wanja bila kumtazama nyusi. Anajua. Amekunyamazia ili useme mwenyewe, usiaibishwe mbele ya mumeo. Ila Chiku naye ni binti yake wa kumzaa, na kila asubuhi anamsikia anakohoa uani huku akikungoja wewe. Subira hiyo usiijaribu wiki nyingine.

Leo alasiri, kabla Zahoro hajafunga duka, mwambie Chiku, na mama yake awepo. Usiseme "labda", sema "ni mimi". Zahoro akipanda mwambie yeye pia, na akifoka mwache afoke. Kesho asubuhi panda pantoni wewe mwenyewe ukalirudishe jiko, kisha ubebe beseni la kwanza la sambusa mpaka kwenye yale maduka mawili, uwaambie aliyewachelewesha ni wewe.

Lakini kabla ya yote ingia bafuni, uzifute hizo nyusi kwa sabuni, utoke hivyohivyo. Mama mkwe wako akikuona, atakusogezea kiti kabla hujafungua mdomo.