Chokaa Kwenye Jengo la Mawe

Mhezi, Jumamosi

Mdomo wangu huu. Jumapili iliyopita nilisimama kanisani kueleza historia ya jengo la kwanza la chuo chetu, jinsi babu zetu walivyolijenga kwa msaragambo, kijiji kizima kikibeba mawe kichwani kutoka mtoni. Nilieleza vizuri mno. Wazee wawili walifuta machozi, nami nikajiona msomi.

Leo asubuhi baragumu la msaragambo likalia. Nilipofika, nusu ya kijiji ilikuwa pale na ndoo za chokaa. Ukuta wa mbele, ambao miaka yote nimekataza hata usiguswe, ulikuwa mweupe pee.

"Shikamoo, Mama Nakijwa," nilimwambia mwenyekiti wetu wa kitongoji. "Mnafanya nini?"

"Marahaba, mwalimu. Si ulisema jengo ni letu? Lisikutie aibu mbele ya wageni."

Wageni ni watu wa Idara ya Mambo ya Kale. Wanakuja Alhamisi kukagua kama tumelitunza jengo lilivyokuwa. Wanakuja kuona mawe.

Nilitaka kuwasimamisha. Lakini kwenye msaragambo asiyeshika kazi hana la kusema, na hilo nililisema mwenyewe, kanisani, kwa sauti. Nikapewa brashi.

Nikapaka upande wa mlango. Mama Nakijwa akaja, akautazama, akasema pana mabakamabaka, nirudie.

Nikarudia.