Kata ya Kazungu Imerudi

Alhamisi, baada ya alasiri

Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile ya manyunyu isiyojua kukatika, na sakafu ya chumba hiki cha juu imetota mpaka karibu na kabati la vitabu. Nimesogeza meza. Nimesogeza kiti. Sasa sina tena cha kusogeza, na lazima niandike.

Mezani mbele yangu ipo kata.

Huenda siku moja mjukuu wangu akasoma haya asijue kata ni kitu gani, basi naeleza. Ni kitambaa kilichosokotwa kikafanywa duara, mchukuzi akakiweka utosini ili mzigo usimchome. Hii imetengenezwa kwa leso kuukuu ya mkewe Kazungu, nyekundu iliyopauka, na imebonyea upande mmoja kwa sababu Kazungu hubeba kichwa kimeinama kidogo kushoto. Inanuka jasho na mafuta ya nazi.

Kazungu ni mchukuzi wa mkokoteni. Hukodi mkokoteni kwa siku, akapakia majora ya nguo, makasha na vifurushi kwenye maghala ya Shimanzi, akavikokota mpaka huku Mji wa Kale. Na kwa kuwa vichochoro vyetu ni vyembamba na ngazi zetu zimesimama wima, mwisho wa safari mzigo hupanda kichwani. Ndivyo tulivyojuana. Nilipostaafu ualimu, yeye ndiye aliyenipandishia vitabu hivi vyote, akaniuliza, "Mwalimu, hivi vyote umevisoma, au vingine ni vya kuzuia upepo?"

Hulipwa kwa mzigo. Siku isiyo na mzigo hana kitu. Kasha likivunjika hulipa yeye. Mkokoteni ukilala uwanjani, kodi yake hailali. Ukimwuliza tajiri wake ni nani, atakwambia, "Tajiri wangu ni mimi mwenyewe," kisha atacheka mpaka akohoe. Watu wa gati siku hizi wana chama, na mtu akiumia hupata chochote. Kazungu hana chama wala tajiri wa kumlalamikia. Kwa lugha ya sheria yeye ni mfanyabiashara, sawa na mwenye duka.

Mwanzo wa mvua hizi aliteleza kwenye mteremko wa kushukia bandari ya kale. Mkokoteni ukamshinda, gurudumu likampanda mguu. Sasa amelala chumbani kwake Majengo, mguu ndani ya plasta, na hakuna ajuaye kama utarudi kuwa mguu wa kukokotea.

Nilikwenda kumtazama. Hakuniomba pesa. Alisema tu, "Mwalimu, wewe wajua kusema na watu wale."

Watu wale ni Nasoro. Karibu mizigo yote ya Kazungu ni ya duka la Nasoro, na Nasoro nilimsomesha mimi, tangu hajui kushika kalamu. Nilitoka Majengo nimejaa maneno kama kijana anayekwenda kuposa.

Hapa sina budi kueleza jambo la kata, kwa maana ndilo lililoniponza.

Kwenye ngazi ya mlango wa nyuma wa Nasoro, wachukuzi hupanga kata zao kabla jua halijatoka. Kila kata ina mahali pake, na kwa mpango huo ndivyo wanavyopokezana mizigo. Ngazi ni fupi. Ikijaa imejaa, na mwingine husubiri ng'ambo ya njia mpaka mmoja afe au arudi kwao. Mtu akiugua, wenziwe huipanga kata yake pale pale kila alfajiri. Zamu yake ikifika, mwenzake mmoja huuchukua mzigo ule, na malipo hugawana nusu kwa nusu na mgonjwa. Hakuna aliyewaamuru. Waliuzua wenyewe mpango huu, na tangu Kazungu aumie ndio uliokuwa ukiipikia nyumba yake.

Niliupenda sana mpango ule nilipoelezwa. Niliupenda kama mwalimu anavyopenda mfano mzuri.

Nasoro alinipokea kwa heshima. Alinibusu mkono, akaagiza kahawa, akaniketisha kwenye kiti chake mwenyewe. Nilianza mbali, kama ilivyo desturi yangu. Nilimfafanulia tofauti ya kibarua na mwajiriwa, na ya mwajiriwa na mtu anayejitegemea. Nilimwambia kuwa mtu aliyekubebea mizigo miaka yote hii hawezi kuitwa mpita njia. Alinisikiliza, akitikisa kichwa kila nilipotua, vile vile alivyokuwa akifanya darasani.

Kisha nikamtolea hoja niliyoiona kubwa kuliko zote. Nikasema, "Kazungu yuko kitandani, lakini kata yake ingali mlangoni pako, na zamu yake inahesabiwa kila siku. Mtu anayewekewa nafasi akiugua, huyo si mtu wako?"

Nasoro aliacha kutikisa kichwa.

"Kata gani, Mwalimu?"

Hakuwa akijua. Yeye huingia kwa mlango wa mbele, na mambo ya nyuma huyaachia makarani. Mimi nikaona nimempata. Nikamweleza yote, hatua kwa hatua, mpaka nusu kwa nusu.

Jumanne asubuhi alitoka mwenyewe mlango wa nyuma. Alisimama juu ya ngazi na kanzu yake nyeupe, akauliza kila kata ni ya nani. Alipoifikia nyekundu, wachukuzi wakatazamana. Akasema kuanzia siku ile asiyekuwapo hana zamu, kwa sababu hataki mtu aje kumwambia kuwa anaweka watu wa kuajiriwa. Hakupaza sauti. Adhuhuri mtu mwingine akaweka kata yake pale.

Haya yote nimeyajua leo. Asubuhi, mvua ikinyesha, wachukuzi watatu walipiga hodi. Mbele yao Mbwana, mkubwa wao, amejifunika gunia kichwani. Hawakutaka kupanda juu, eti watanilowesha vitabu.

"Mwalimu, sisi twakuheshimu," Mbwana alisema. "Lakini hebu tuambie, ulimwambia nini yule?"

"Nilimweleza hali ya Kazungu."

"Ahaa. Ulimweleza." Akawageukia wenziwe. "Mwasikia? Alimweleza."

"Nilidhani anajua habari za kata."

"Miaka yote twamficha! Karani twamnunulia kahawa anyamaze, na wewe waenda kumsomea kama khutuba. Elimu yote hii, Mwalimu, hukuweza kunyamaza kidogo?"

Mmoja wao alicheka, kisha akaona aibu, akatazama chini.

Niliwauliza kama kata haiwezi kurudishwa. Mbwana alinijibu taratibu, kama anayezungumza na mtoto. Aliyeingia ni Sudi. Sudi amesubiri ng'ambo ya njia tangu kabla ya Uhuru, jua na mvua, na ana watoto wanaokula kama watoto wengine. "Tumfukuze Sudi? Tufukuzie wewe."



Mbwana akatoa kata chini ya gunia, kavu kabisa. Alikuwa ameikinga mvua kuliko alivyojikinga mwenyewe. "Mpelekee wewe," akasema. "Sisi hatuwezi kumtazama."

Baada ya adhuhuri nilimngojea Nasoro nje ya msikiti. Nilimwomba, bila hoja safari hii, kuomba tu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema amekwisha kumpelekea Kazungu mchele na sukari, na kwamba moyo wake unamuumia. Kisha akasema, "Lakini Mwalimu, mimi sikumfukuza mtu. Nitamfukuzaje mtu ambaye sikumwajiri?"

Nimelitafuta kosa katika maneno hayo tangu nirudi. Hayana kosa. Ningekuwa bado darasani ningempa alama zote.

Nilikuwa nimekaa hapa, kata mbele yangu, niliposikia hodi tena. Sauti ya mwanamke. Niliitupia kata gazeti ndipo nikashuka.

Ni mkewe Kazungu. Ametoka Majengo kwa miguu na mvua hii, amebeba ndizi kwenye kikapu. Kazungu amemtuma anishukuru. Mchele na sukari vimefika, na Kazungu amesema, "Waona? Mwalimu amesema naye." Alikuwa akitabasamu. Halafu, kwa haya, akauliza kama nimesikia lolote, kwa sababu ile nusu haikuletwa juzi, wala jana haikuletwa. Labda ni mvua.

Nilisema labda ni mvua.

Nilimpa nilichokuwa nacho mfukoni, akakataa, kisha akakipokea. Alipokuwa akienda alijifunika leso mpya kichwani, nyekundu pia.

Ndizi ziko hapa, karibu na gazeti. Sijaweza kuzila, wala kumpa mtu. Nimewaza kumtafutia Kazungu mahali pengine pa kazi, kumwandikia mkubwa fulani, kuzungumza na watu wa chama cha gati. Kila nikiwaza najiona tena kwenye kiti cha Nasoro, kikombe mkononi, nikifafanua.

Kesho ni Ijumaa. Mvua ikatike au isikatike, nitakwenda Majengo kabla ya sala. Nitaketi ukingoni mwa kitanda chake na kuiweka kata mkononi mwake. Atanitazama angoje nimweleze, maana ndivyo alivyonizoea.