Mhunzi wa Ngarenaro na Mungu wa Vita

Ngarenaro, Arusha

Kwa dada yangu Mwanahamisi,

Shikamoo dada. Hujambo huko Tanga? Kifua cha shemeji kimepona? Na watoto je? Mimi ni mzima, ila naandika mbiombio kwa furaha, kwa hiyo mwandiko utanisamehe. Baridi ya huu mlima wa Meru unaijua nilivyoilalamikia. Leo hata siisikii!

Unamkumbuka Zaituni niliyekutajia, yule mjane anayekaanga maandazi ng'ambo ya karakana yangu? Tangu askari warudi kutoka vitani Burma, kuna koplo mmoja habanduki pale. Mrefu, viatu vinang'aa, nishani kifuani. Na mimi na masizi yangu, na huu mguu wangu mfupi! Nilikonda, dada. Niliona nimenyang'anywa hata kabla sijapewa.

Juzi Mgiriki mmoja mwenye shamba la kahawa kule juu akaniletea plau lililovunjika. Akaniona nimenuna, nikamweleza. Alicheka hadi akashika fuawe ninayofulia chuma! Akasema wazee wao wa zamani, kabla ya kanisa, waliabudu miungu mingi, astaghfirullah. Mmoja alikuwa mungu wa vita, jina lake Ares, kijana wa sura nzuri na makelele mengi. Mwingine alikuwa mhunzi, kiguru kama mimi. Mke wa mhunzi akampenda huyo wa vita. Basi mhunzi akafua wavu wa chuma, mwembamba hata hauonekani, akautega kitandani. Wakanaswa wote wawili, naye akawaita miungu wenzake waje kuwacheka.

Dada, nilifurahi mno! Papo hapo nikaanza kupanga. Watu wanasema koplo huyo kule Burma alikuwa mpishi tu, bunduki hakuishika. Nikasema nitamwumbua mbele ya wala maandazi wote. Lakini kabla Mgiriki hajaondoka nikamwuliza, "Bwana, wavu ulipofunguliwa, mke alirudi kwa mhunzi?"

Akaacha kucheka, akajikuna kichwa. "Hapana. Alikwenda zake kisiwani kwake."

Moyo ulinilipuka! Kumbe yule mhunzi, na ufundi wote ule, alimpata adui akamkosa mke. Nikatupa nyundo, nikanawa uso, nikavuka njia. Koplo hakuwapo, na hata angekuwapo ningesema.

"Zaituni, nataka kukuoa."

Hakuinua macho kwenye karai. "Fundi, mwaka mzima unavuka njia hii kununua maandazi. Leo ndiyo umekumbuka?"

"Niliogopa. Huu mguu..."

"Mguu sikuuliza. Nilikuwa nangoja mdomo."

"Na koplo?"

"Koplo nilimkatalia zamani. Anakuja kula, analipa. Nimfukuze mteja?" Kisha akacheka, akajifunika uso kwa kanga. "Waite watu wako walete posa kwa baba mdogo, kule Kijenge. Na usichelewe tena."

Sasa dada, watu wangu ni wewe. Panda gari la moshi uje na shemeji, usitume mtu mwingine. Nisalimie shangazi aliyetulea, mwambie aache kuniombea mke, sasa aniombee subira. Msalimie na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, na jirani yetu mshona viatu.

Marehemu mama alikuwa akilia kwamba hakuna atakayenitaka. Ukipita kaburini kwake, dada, mwambie yupo aliyenitaka.

Mdogo wako akupendaye,
Ramadhani